Mwizi Aliyeacha Soketi Mpya

Ndila alipiga magoti kwenye sebule tupu, akaishika simu yake karibu na soketi ya ukutani, akatazama picha, akatazama ukuta, kisha akarudia picha.

"Mzee Levi," akaita. "Njoo unisaidie macho."

Levi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amelinda nyumba hii ya Mitaboni kwa miaka kumi na moja, lakini Ijumaa hiyo asubuhi aliingia sebuleni kama mgeni aliyeonywa asiguse kitu.

"Hii picha nilipiga mwezi uliopita nikikagua nyumba. Soketi iko na rangi gani?"

"Nyeupe ya zamani. Kama meno yangu."

"Na hii iko hapa ukutani?"

Levi aliinama polepole, mkono kiunoni. "Hii ni mpya, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Ni mpya. Na mikato ya hizo skrubu zote imesimama wima, kama askari kwenye gwaride. Mtu alichukua muda wake."

Ndila alikuwa sajini wa polisi, na miaka yake mingi kazini aliimalizia katika ofisi ya upelelezi. Alipostaafu alifungua chumba kimoja mjini Machakos, juu ya duka la saruji, akawa anasimamia nyumba za kupangisha. Alitafuta wapangaji, alikagua, na zaidi ya yote alilinda nyumba zilizokaa bila watu, ambazo wenyewe waliishi mbali. Nyumba hii ilikuwa ya Mzee Mathenge, mfanyabiashara wa Katangi. Ilikuwa tupu tangu Henry, mpangaji wa mwisho, alipohamishiwa kazi Muthetheni miezi minne iliyopita.

Jumanne, mwalimu mmoja aitwaye Carol, aliyekuwa ahamie Jumamosi na watoto wake wawili, alikuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Katika chumba cha kulala alikuta vumbi la plasta sakafuni, na juu ya vumbi hilo alama ya kiatu. "Kuna mtu analala hapa," alimwambia Mzee Mathenge kwa simu.

Mathenge naye alimpigia Ndila. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Levi ndiye ako na geti, Ndila. Kama si yeye, basi anajua ni nani. Mimi nimekula na huyo mzee meza moja. Lakini siwezi kuingiza watoto wa watu kwa nyumba ambayo ina mtu mwingine. Nitakuja Ijumaa jioni. Ukiwa huna jibu, itabidi aende."

Jumanne hiyo hiyo Ndila alibadilisha kitasa cha mlango wa jikoni. Kile cha mbele alikuwa amekibadilisha Henry alipotoka, kama alivyofanya kila mpangaji alipotoka. Cha jikoni kilibaki kile cha tangu mjengo, kwa sababu Henry hakuwahi kupewa ufunguo wake, na Mathenge alisema usumbufu wa nini. Ndila alikubali. Sasa kosa hilo lilimkera kuliko vumbi.

Sasa, Ijumaa, alizunguka nyumba nzima na daftari. Pampu ya maji ilikuwepo. Mtungi wa gesi ulikuwepo. Fimbo za mapazia, koki, hata balbu, vyote vilikuwepo. Hakuna blanketi, hakuna ganda la sigara, hakuna chombo kilichopikiwa. Kilichokuwepo ni soketi mpya kumi na moja na swichi mpya nane, na kuzunguka kila moja rangi ya ukuta ilikuwa imeguswa kwa brashi ndogo. Mtu huyo alijitahidi kulinganisha krimu na krimu, akakosea kidogo tu.

Bafuni peke yake ndiko swichi ya shawa ya moto ilikuwa bado ya zamani, na pembe yake moja imegeuka kahawia. Ndila aliandika hilo pia, bila kujua alikuwa anaandika nini.

"Mzee, wewe hutoka hapa lini?"

"Jumapili, kanisa. Lakini hiyo ni masaa mawili, na Kalondu wa duka hapo mbele huniangalilia geti. Na Jumatano, kwaya ya wazee. Tunaanza saa nne, tunatoka saa saba, na geti naliegesha tu. Mimi ni besi."

"Na ukirudi Jumatano, hujaona kitu?"

"Kitu hapana. Labda simu."

"Simu gani?"

"Hii yangu. Jumatano naiacha kwa chaji huko kwa chumba yangu, sababu kasisi hapendi simu kwa kwaya. Nikirudi, haijajaa. Kila Jumatano. Nilifikiri imezeeka. Halafu nikauliza Kalondu kama stima ilipotea, akasema friji yake ilinguruma mchana wote."

Ndila alifunga daftari. Chumba cha Levi pale getini kilivuta umeme kwenye mita moja na nyumba kubwa.

"Mzee, hiyo simu yako haijazeeka," alisema. "Mtu alikuwa anazima mein swichi, ile swichi kuu ya hii nyumba, ukienda kuimba. Na mtu anayetafuta mahali pa kulala hazimi stima saa nne asubuhi. Anayezima ni yule anataka kuishika kwa mikono."

Levi alimtazama. Macho yalimlowa, akaangalia pembeni upande wa dirisha.

"Kwa hivyo mzee Mathenge atajua si mimi?"

"Bado sijamaliza. Lakini mimi nilijua si wewe tangu Jumanne. Mtu anayeficha watu kwa nyumba ya mwenyewe hafagii ua mara mbili kwa siku."

*

Wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Henry. Aliondoka bila kuaga vizuri, na mpangaji wa namna hiyo mara nyingine hurudi kuchukua kitu alichosahau. Ndila alimpigia akiwa ameketi kwenye ngazi za nyuma.

"Mimi, nirudi Mitaboni kufanya nini, madam? Niko Muthetheni tangu mwezi wa pili. Uliza hata mkubwa wangu."

"Kuna mtu amebadilisha soketi zote."

Henry akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshtuka. "Kumbe alifanya."

"Nani?"

"Fundi Ndunda. Yule alifanya waya za hiyo nyumba ikijengwa. Wiki yetu ya mwisho, mke wangu aliguswa na stima kwa bafu. Alishika koki ya shawa, ikamtekenya mpaka kwa bega. Nikampigia Ndunda, sababu namba yake ilikuwa imeandikwa kwa kisanduku cha stima. Akaniambia, tafadhali msiguse hiyo shawa tena, mimi nitarekebisha. Akaniomba nisimwambie mtu. Nilikuwa nafunga mizigo, madam. Nikasahau."

"Uliisahau shawa inayopiga watu?"

"Enyewe nilikosea," Henry akasema kwa sauti ndogo.

Ndila alisimama, akampungia Levi aliyekuwa akimwagilia mchicha wake kando ya ua.

"Mzee, Ndunda fundi wa stima unamjua?"

"Ndunda? Si ni mwenzetu! Huyo ndiye huimba sauti ya tena kwa kwaya. Sisi wazee tunamhitaji kwa zile noti za juu." Levi akaweka mkebe wa maji chini. "Ingawa sasa ni wiki sita hivi hatumuoni Jumatano. Anasema kazi imekuwa mingi. Kwaya imelegea mpaka kasisi amelalamika."

"Wiki sita," Ndila akarudia.

Levi hakuwa mtu wa haraka, lakini hesabu hiyo haikumpita. Alishika mdomo wake.

"Hapana, mwaitu. Ndunda si mwizi. Huyo alinitengenezea redio bure."

"Sijasema ni mwizi. Kaa hapa karibu na geti. Narudi."

*

Karakana ya Ndunda ilikuwa sokoni, upande wa nyuma ya kinu cha kusaga. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa anafungua pasi ya mteja. Alipomwona Ndila, hakuuliza amekuja kufanya nini. Aliweka bisibisi mezani, akaifuta mikono kwenye ovaroli, akamvutia stuli.

"Nilikuwa nakungoja, madam. Tangu juzi."

"Juzi ulikuta kitasa kipya kwa mlango wa jikoni."

"Nilijaribu ufunguo mara tatu. Nikajua mmejua."

"Ufunguo ulitoa wapi?"

"Wakati wa mjengo mafundi wote tulikuwa na mmoja, tuliuficha juu ya tangi. Nilipomaliza kazi niliusahau kwa mkoba. Miaka yote hiyo ulikuwa chini ya misumari."

"Eleza. Kuanzia mwanzo, na usiniruke."

Ndunda akavuta sanduku chini ya meza. Alitoa kipande cha waya, akakichuna kwa kisu na kumwonyesha ncha yake. Ilikuwa nyembamba kama sindano ya kushonea, na pale kisu kilipokwaruza, wekundu wa shaba ulitoka, ikabaki rangi ya bati.

"Hii feki ndiyo niliweka ndani ya nyumba ya mzee, shaba ni ya kupakwa tu, ikibeba mzigo inaungua. Niliinunua kwa mtu aliyekuja na pikapu, roli nzima, na karatasi zake zilikuwa sawa. Sikuichuna vizuri. Nilikuwa na haraka, mzee alitaka kuingiza mpangaji. Mwaka huu nikapata kibaki cha hiyo roli, nikakikata kwa kazi nyingine, ndiyo nikaona. Kabla sijajua nitafanya nini, Henry akanipigia juu ya bibi yake."

"Ukaamua kuingia kwa nyumba ya mtu kama panya."

"Nikaamua kuitoa yote. Chumba baada ya chumba, kila Jumatano. Nilivuta waya mpya, halali, nikaweka soketi mpya. Sikuchukua hata msumari."

"Kwa nini hukumwambia Mathenge?"

Ndunda alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo.

"Unajua mimi nilikuwa nabeba mizigo kwa duka lake Katangi? Alinikuta nimefungua redio mbovu nyuma ya stoo, ikaimba. Akanipeleka chuo cha ufundi. Nilipomaliza alinisimamisha mbele ya watu kwa arusi ya mtoto wake, akasema, huyu ni kijana wangu, kazi yake hairudiwi. Na hiyo nyumba ndiyo kazi ya kwanza aliyonipa. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia stima itaua mtu."

"Ndiyo."

"Na unajua nani analaumiwa? Levi. Leo jioni mzee anakuja kumfukuza."

Hilo Ndunda hakuwa amelijua. "Mzee Levi? Kwa makosa yangu?"

Ndila alikuwa amekwisha kufungua daftari. Alipitisha kidole kwenye orodha yake: sebule, jikoni, vyumba vitatu, baraza. Kidole kikasimama.

"Ndunda. Bafu."

"Bado," alisema. "Niliiacha mwisho kwa sababu waya yake inapita juu ya dari, ni kazi ya siku nzima. Ilikuwa nifanye juzi. Nilidhani hakuna mtu anaingia mpaka nimalize."

"Wanaingia kesho."

Simu ya Ndila ililia. Ilikuwa namba ya Levi, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Mwaitu, yule mwalimu amekuja leo, gari la mizigo lilipatikana mapema. Amesema ameongea na mzee, naye amekubali sababu kitasa ni kipya, nimemfungulia. Watoto wamejaa vumbi ya barabara kama viazi, sasa anawaosha."

"Anawaosha wapi?"

"Kwa bafu. Ile shawa ya moto."

"Mzee, kimbia! Mwambie asiguse maji! Kimbia!"

Lakini Levi alikuwa na miaka sitini na tisa, na kutoka getini hadi bafuni kulikuwa na ua mzima. Ndila na Ndunda walikuwa tayari ndani ya gari aina ya Probox, mlango wa Ndunda haujafungwa. Mwendo ulikuwa wa dakika tatu. Ndila aliumaliza kwa mbili, akapita geti lililoachwa wazi, akasimamisha gari juu ya mchicha.

Ndunda aliruka kabla gari halijatulia. Hakuelekea mlangoni. Alizunguka ukuta wa kando, kwenye kisanduku cha stima, akavuta mein swichi chini kwa mikono miwili.

Ndani, Ndila alimkuta Levi ameegemea mlango wa bafu, pumzi zimekatika, fimbo yake ameipitisha mlangoni kama kizuizi. Nyuma ya fimbo alisimama Carol, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, na watoto wawili wa kike wamevuliwa nguo, wakitetemeka kwa baridi na kucheka kwa sababu hawakuelewa kitu.

"Huyu mzee amenipigia kelele kama mimi ni ng'ombe!" Carol akasema. "Nilikuwa tu nafungua koki."

"Umeigusa?"

"Bado. Nilikuwa nanyoosha mkono. Kwani kuna nini?"

Ndunda aliingia, ovaroli imelowa jasho. Aliwaomba wote watoke, hata watoto, akawaweka barazani. Kisha akamwomba Ndila arudishe stima kwa dakika moja, naye angemwita akiwa tayari. Alipoita, Ndila alirudi akamkuta amesimama juu ya stuli ya mbao, testa ya kupimia stima mkononi, ncha yake kwenye koki ya chuma. Taa ndogo ndani ya testa ilikuwa inawaka.

Carol alikuwa amemfuata Ndila. Aliiona. Alirudi barazani, akawakumbatia watoto wake wote wawili kwa taulo moja, akakaa chini sakafuni.

*

Mzee Mathenge alifika saa kumi. Alikuwa mtu mkubwa wa koti la kijivu, na alishuka garini akiwa ameandaa maneno magumu, maana hakumsalimia mtu. Aliwakuta wamekaa barazani: Carol na watoto waliooshwa kwa maji ya sufuria aliyochemsha Levi, Levi mwenyewe, na Ndunda aliyekaa mbali nao, kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Ndila. Umepata jibu?"

"Nimepata, mzee. Lakini si mimi wa kulitoa."

Ndunda alisimama. Alieleza yote, kutoka pikapu mpaka koki, akiwa anaangalia viatu vya Mathenge. Hakujitetea. Alipofika kwa Levi alikatiza sentensi, akaanza upya. Mwisho akatoa ufunguo wa zamani na kile kipande cha waya, akavishika mbele yake kwenye kiganja kilichofunguka.

Mathenge hakuvichukua. Alimgeukia Levi kwanza.

"Wewe nilikudhania vibaya."

"Ulisumbuka, mzee," Levi akasema. "Nyumba ni yako."

"Hapana. Usinirahisishie. Nilikaa siku tatu nikikufikiria kama mwizi, na ulikuwa umelala kwa geti yangu. Nisamehe, ndugu yangu."

Levi aliitikia kwa kichwa. Alitaka kusema kitu, akaona kofia yake inahitaji kukung'utwa.

Kisha Mathenge akamgeukia Ndunda.

"Hao watoto wangekufa."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ungejua ni kwa nini, na mimi nisingejua. Ungekuja kwa mazishi na kuniimbia."

Ndunda alifunika uso. Mabega yalimtikisika. Hakuna aliyesogea. Ndila alikuwa ameona wanaume wengi wakilia mbele yake katika kazi yake, wengine kwa hila, na huyu hakuwa mmoja wao. Hata hivyo aliongea kwa sauti ya kazi.

"Mzee, kuna mambo matatu. Ndunda ataandika taarifa na kuweka sahihi, mwalimu apate nakala. Kila nyumba alikotumia hiyo roli, mwenyewe anaambiwa kesho asubuhi, na mimi nitakuwa naye. Na hapa hakuna stima inarudi kwa bafu mpaka fundi mwingine mwenye leseni akague."

"Ni nyumba mbili," Ndunda akasema kupitia vidole. "Nilishazirekebisha, lakini wenyewe nitawaambia."

"Mwalimu?" Ndila akauliza. "Wewe ndiye unaingia. Ukitaka kwenda, mzee atakurudishia kila kitu, na mimi nitakutafutia kwingine."

Carol aliwaangalia watoto wake, ambao walikuwa wamemwomba Levi kofia na sasa walikuwa wanaivaa kwa zamu. Alimwangalia Ndunda.

"Nimeambiwa alikimbilia ile swichi kama mtu ambaye watoto wake ndio wanaungua," akasema. "Nitakaa. Lakini nataka kuona kila waya kwa macho yangu kabla ifunikwe."

"Utaona," Mathenge akasema. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akaanza kukunja mikono ya shati. "Hiyo waya ya bafu inapita wapi?"

Ndunda aliinua kichwa. "Juu ya dari, mzee. Kutoka ukumbini."

"Jua bado liko. Si ulisema ni kazi ya siku nzima? Tuanze."

"Mzee, unaweza kuita fundi mwingine. Sitakasirika."

"Fundi mwingine atakagua, Ndila amesema. Lakini uliyeiweka ndiye utaitoa, na safari hii sitakuwa Katangi." Aliingia ukumbini, akatazama tundu la dari, akatoka nje. Walimsikia nyuma ya nyumba akivuta kitu kizito. Alirudi na ngazi ya mbao begani, akiyumba kidogo, akakataa Levi asimsaidie.

Aliisimamisha chini ya tundu, akaukanyaga mguu wake wa chini kwa kiatu, akaishika pande zote mbili.

"Panda, kijana wangu," alisema. "Nimekushikia."